Fahali Wakipigana Meru na Embu

Mimi ni mtu wa kizamani. Nililelewa nikijua kwamba wazee wakikosana, watoto hawalali njaa kwa sababu hiyo.

Sasa tazama kaunti zetu. Mwaka wa 2014, Bw Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza nchini kutimuliwa na madiwani na Seneti. Mahakama zikamrudisha, akahudumu hadi 2022. Mwaka huo Meru ikamchagua Bi Kawira Mwangaza mwezi Agosti. Kufikia Desemba madiwani walikuwa wameshapiga kura ya kumtimua. Seneti ikamwokoa. Wakajaribu tena 2023, akaponea. Agosti 2024 Seneti ikawaunga mkono, na Machi 2025, baada ya Mahakama Kuu kukataa kesi yake, naibu wake, Bw Isaac Mutuma, akaapishwa.

Siamui nani alikosa. Nauliza tu: wakati huo wote, nani alikuwa akiwazia dawa za zahanati ya kijijini kwenu?

Wameru wana Njuri Ncheke, baraza la wazee wanaosikiliza pande zote kabla ya kukata shauri. Subira hiyo ilipotelea wapi?

Lakini nawe usijiite nyasi tu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Ulipanda matatu kutoka Nairobi kwenda kupiga kura. Je, umewahi kuipanda kwenda kusikiliza bajeti? Kikao kijacho, nenda. Uliza, kisha uandike majibu.