Nora ya Thailand: deni la mizimu lililookoa ngoma

Disemba mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliingiza Nora, ngoma ya maigizo ya kusini mwa Thailand, katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Heshima hiyo imezusha swali zito: ngoma hii ni mali ya nani?

Kwa mgeni, Nora ni pambo la macho. Mchezaji huvaa shanga za rangi, taji refu, mkia wa ndege na kucha za bandia zilizopinda. Hadithi yake mashuhuri ni ya Manohra, binti aliye nusu mtu nusu ndege, anayenaswa na mwindaji na kuishia kuolewa na mwanamfalme Suthon.

Lakini katika vijiji vya Phatthalung, Songkhla na Nakhon Si Thammarat, Nora ni deni. Koo zilizotoka kwa wachezaji wa kale huamini kwamba mababu hao wangali wakiwatazama wajukuu. Wakisahauliwa, huleta maradhi. Nadhiri iliyowekwa kitandani mwa mgonjwa sharti ilipwe, na malipo yake ni ngoma.

Tambiko la malipo hayo huitwa Nora Rong Khru, na kwa desturi huanza Jumatano na kumalizika Ijumaa. Hujengwa banda maalumu, mizimu huitwa kwa majina, humpanda mmoja wa ukoo, naye husema na jamaa zake kwa kauli ya babu. Mtoto mwenye alama kwenye ngozi, inayoaminiwa kuwa ya mizimu, huletwa ili kiongozi aikanyage kwa unyayo. Waliohamia Bangkok kutafuta riziki hurejea kijijini. Sisi tunaoishi mbali na makaburi ya wazee wetu hatuna haja ya kuelezwa kwa nini.

Wapo wanaouita huo ushirikina, na wangependa ibaki sanaa tupu ya jukwaani. Kwa maoni yangu, wanakata tawi walilolikalia. Sinema na televisheni zilipowanyang'anya wachezaji watazamaji, tambiko liliendelea kuwapa kazi. Mwanakijiji anaweza kuacha kununua tiketi. Deni la babu yake haliachi.

Ng'ambo ya mpaka, Malaysia inatoa ushahidi. Mwaka 1991 serikali ya jimbo la Kelantan, chini ya chama cha Kiislamu cha PAS, ilipiga marufuku Mak Yong, ngoma ya maigizo iliyo jirani na Nora. Marufuku iliondolewa mwaka 2019, kwa masharti ya kufuata sheria ya dini. Katika miaka hiyo yote, ngoma hiyo iliendelea kuchezwa kimyakimya vijijini, katika matambiko ya kuponya wagonjwa.

Siku hizi Nora hufundishwa pia katika shule na vyuo vikuu vya kusini mwa Thailand, na vijana wanajifunza kwa bidii. Hata hivyo, kuongoza Rong Khru ni jambo jingine: anayeruhusiwa ni yule tu aliyekwisha kuvikwa taji na walimu waliomtangulia, mbele ya mizimu.