Tervuren ndani ya simu: mgeni ataambiwa nini juu ya sanamu ya Lusinga?

Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, karibu na Bruxelles, yalifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya miaka 5 ya ukarabati. Mgeni anapokelewa katika jengo jipya la vioo, anashuka chini ya ardhi, kisha anapanda kwenye jumba la zamani la Leopold II. Kupotea ni rahisi, na programu ya simu inayoonyesha njia ingesaidia.

Kuitengeneza si kazi ndogo. GPS haishiki vizuri ndani ya kuta nene, sembuse chini ya ardhi. Makumbusho ya historia ya asili ya New York, yaliyotoa programu yao mwaka 2010, yalianza na Wi-Fi, baadaye yakatundika mamia ya vifaa vidogo vya Bluetooth ili simu ijue iko katika ukumbi gani. Vifaa vina betri, na betri zinakwisha. Bila pesa ya matunzo kila mwaka, ramani inaanza kudanganya.

Lakini kwetu mashariki mwa inchi, swali zito ni lingine. Kioo cha simu ni kidogo. Mgeni anasoma mistari mitatu, anasonga. Nani anaichagua mistari hiyo? Tuchukue sanamu ya Lusinga, chifu wa Watabwa karibu na ziwa Tanganyika. Desemba 1884, watu wa afisa Mbelgiji Émile Storms walimuua, wakamkata kichwa. Sanamu ilichukuliwa, na fuvu lake pia likafika Ubelgiji. Programu inaweza kuandika "mbao, karne ya 19" na kuyaweka hayo mengine nyuma ya kitufe cha "soma zaidi". Si uongo. Ila wengi hawatakibonyeza. Hata njia ni uamuzi: matembezi ya saa moja yanaweza kumpitisha mgeni kwa Lusinga, au kuishia kwa yule tembo maarufu aliyekaushwa.

Maandishi ya kumbini yako katika Kiholanzi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Kiswahili cha Moba na Kalemie kingeweza kuongezwa kwa sauti, bila kugusa ukuta hata mmoja. Na sauti hizo zikipakuliwa mara moja tu, hata asiye na viza atazisikiliza nyumbani bila kumaliza mega zake.

Februari 2022, Ubelgiji iliikabidhi Kinshasa orodha ya vitu karibu 84 000. Wabunifu wangeanzia hapo, kwa kila kitu na mahali kilipotoka, kabla ya kubishana juu ya rangi na vitufe.