Dawa ya Pumu Ivutwe, Isimezwe

Mkolani, kusini mwa jiji la Mwanza, ni mahali ambapo mapafu hayapati likizo. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, njia za mitaani hutimua vumbi, mabua huchomwa mashambani, na majiko ya kuni na mkaa hufuka asubuhi na jioni. Mvua zikianza huja chavua na kuvu. Tena, karibu na mwezi mwandamo, vijidudu vya ziwani huinuka juu ya maji kama wingu la moshi, na upepo huvisukuma hadi nchi kavu. Huko Sudan, wataalamu walikwisha thibitisha kwamba jamaa za vijidudu hivyo wanaozaliwa katika Mto Nile huleta pumu na mafua ya mzio. Sishangai, basi, kuona wanafunzi wetu wakikoroma vifua. Linalonishangaza ni namna tunavyowatibu.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kidonge cha salbutamoli. Ningependa wanafunzi waifanye hesabu hii ubaoni. Kidonge kimoja aghalabu kina miligramu 4, yaani mikrogramu 4,000. Pulizo moja la kile kifaa cha kuvutia dawa, ambacho watu hukiita inhela, lina mikrogramu 100. Hivyo amezaye kidonge kimoja ameingiza mwilini dawa ya mapulizo 40! Na mapulizo mawili tu, ambayo ni sehemu moja ya ishirini ya kidonge, huifungua mirija ya pumzi kwa dakika chache, hali kidonge huhitaji kama nusu saa. Sababu yake si fumbo. Kilichomezwa hupita tumboni, kikaingia ini, kikachanganyika na damu, kikauchochea moyo na misuli ya mikono pia, si mapafu tu. Ndiyo maana mtoto aliyemeza kidonge usiku huingia chumba cha mtihani mikono ikitetemeka na moyo ukimwenda mbio. Kilichovutwa huenda moja kwa moja penye ugonjwa.

Hata hivyo, salbutamoli, imezwe au ivutwe, haiponyi pumu. Pumu ina mambo mawili: misuli inayoizunguka mirija ya pumzi hukaza, na ngozi laini ya ndani ya mirija hiyo huvimba na kutoa makohozi mazito. Salbutamoli, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, hulegeza misuli tu. Uvimbe huendelea chinichini, na siku moja dawa ya kulegeza haifui dafu. Dawa ya uvimbe ipo. Ni beklometasoni, jamii ya steroidi, iliyotolewa katika inhela tangu mwaka 1972, na baada yake budesonidi. Hizi hutumiwa kila siku, hata siku ambayo mgonjwa anajiona mzima, na baada ya kuzivuta yampasa asukutue kinywa ili kuvu isiote humo.

Hapo ndipo tunapokwama. Imeenea imani kwamba inhela ni dawa ya mgonjwa aliyekwisha shindikana, au kwamba ukiianza hutaweza kuiacha. Imani hiyo inaua. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi zenye kipato kama chetu. Mwaka huohuo jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, lilitoa mwongozo kwamba mgonjwa wa miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa salbutamoli peke yake, bali apewe steroidi ya kuvuta. Miaka 12 na zaidi! Ni wanafunzi wetu hasa hao.

Pua nayo isisahauliwe, kwa kuwa pua na mapafu ni njia moja. Mwenye mafua ya mzio hupewa klorofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton. Hukausha kamasi, lakini humlaza mwanafunzi darasani, naye huadhibiwa kwa uvivu asiokuwa nao. Setirizini na loratadini hazilewi sana, na steroidi ya kupuliza puani hushinda zote mafua yakiwa ya kudumu. Kwa mvuta sigara wa miaka mingi, au mama aliyezeeka akikausha samaki kwa moshi huko mwaloni, habari ni nyingine: mapafu yake yamekwisha haribika, nazo dawa za kuvuta humpa nafuu bila kuyarudisha yalivyokuwa. Huyo dawa yake ya kwanza ni kuondokana na moshi.

Nirudi shuleni. Katika shule moja niliyopata kufundisha, palikuwa na amri kwamba dawa zote za wanafunzi zifungiwe ofisini. Kijana mmoja alibanwa na pumu katikati ya mchezo wa mpira, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mjini. Alipona, baada ya kubebwa kwa pikipiki hadi zahanati. Mimi nasema inhela ikae mfukoni mwa mwanafunzi, si kabatini.

Wapo watakaosema kwamba wengi hawajui kuivuta vema, na ni kweli. Dawa nyingi huishia kooni. Lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti uliowahusu watoto waliobanwa na pumu. Walionyesha kwamba chupa tupu ya plastiki ya mililita 500 hufanya kazi sawa na chombo cha kupitishia dawa kinachouzwa dukani. Kitako cha chupa hutobolewa kwa waya wa moto, tundu likapata umbo la mdomo wa inhela, nayo inhela ikachomekwa ikabana. Mgonjwa huketi wima, mdomo wake kwenye shingo ya chupa. Hupulizwa mara moja, akavuta pumzi nne au tano taratibu, kisha hupulizwa tena. Na asipopata nafuu upesi, apelekwe hospitali huku akiendelea kupulizwa njiani. Bikoni ya moto, waya na chupa vyaweza kupatikana katika maabara ya sekondari. Kazi hiyo yaweza kufanywa katika kipindi kimoja cha baiolojia.