Bango la Muziki Lisimkane Mwenyewe

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee wetu walipoyasema haya hawakuwa na kompyuta mbele yao, lakini ukipita leo katika barabara za Mombasa, tangu Mwembe Tayari hadi Marikiti, ukayatazama mabango yanayotangaza albamu za tarabu na kasida, au ukayaona yayo hayo katika simu yako, utafahamu kwamba methali ile ingali hai. Yako mabango mazuri, na vijana wanaoyatengeneza wastahili pongezi. Lakini yako pia yale yanayojitembeza: mwimbaji wa Kisauni amepakwa weupe asiozaliwa nao, nyuma yake yamesimama majumba marefu ya Dubai ambako hajapata kutia mguu, na aliyeyatunga mashairi hatajwi hata kwa herufi ndogo.

Hoja yangu ni moja. Bango la albamu ni ushahidi. Lamwambia mpita njia: huyu ndiye aimbaye, haya ndiyo maneno ya fulani, na hawa ndio waliopiga ala. Programu za kuhariri picha zina nguvu ya kuutia nuru ushahidi huo, na zina nguvu vile vile ya kuupotosha. Sitaki kufungua hapa mjadala juu ya hukumu ya muziki na picha. Wanavyuoni wetu wana maneno yao, na wasomaji wanayajua. Nasema tu kwamba, maadamu mabango haya yanatengenezwa na kubandikwa mjini mwetu, hayana ruhusa ya kusema uongo.

Zamani santuri haikuwa na sura. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, santuri za siku zile kwa kawaida ziliuzwa ndani ya mifuko ya karatasi isiyo na mapambo. Kilichomtambulisha mwimbaji ni jina lake katika kile kikaratasi cha mviringo kilichogandishwa katikati. Jalada lenye mchoro lilikuja baadaye. Huko Marekani, Alex Steinweiss wa kampuni ya Columbia alianza kuyachora majalada ya albamu mwaka 1940. Kwetu Mombasa, santuri za Mzuri zilizotolewa na duka la Assanand, na kanda za Mbwana Radio Service, ziliwaingiza kina Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma na Juma Bhalo katika majumba ya watu. Kikaratasi cha kanda kilikuwa kadiri ya kiganja cha mkono. Mchapaji hakuwa na nafasi ya kudanganya sana hata kama angependa.

Mambo yaligeuka mwaka 1990, ilipotolewa programu ya Photoshop, kazi iliyoanzishwa na ndugu wawili wa Kimarekani, Thomas na John Knoll. Mwaka 1994 programu hiyo ikaongezewa tabaka. Tabaka, ndugu msomaji, ni kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya chengine: kimoja kina uso wa mwimbaji, kimoja kina udi, kimoja kina maandishi, na fundi aweza kukiondoa kimoja asikiguse chengine. Mwaka 1996 ikatoka GIMP, ambayo hailipiwi. Leo hata simu ya mkononi ina programu za namna hii. Kazi iliyohitaji chumba cha giza, mkasi na gundi, sasa kijana wa Majengo aimaliza usiku mmoja akiwa amekaa kitandani. Hiyo ni neema, wala siipingi. Lakini neema huulizwa imetumiwaje.

Tuanze na uso. Kuna tofauti kubwa baina ya kusahihisha nuru na kubadilisha ngozi. Picha iliyopigwa usiku chini ya taa ya manjano humtoa mtu na rangi isiyo yake, na fundi akiirekebisha nuru ile ya picha nzima amefanya uadilifu, kwani amemrudisha mtu alivyo. Lakini akiuchagua uso peke yake akaupausha, akaikonda pua na kuilainisha ngozi mpaka mwimbaji wa miaka 50 akawa kama wa 20, hapo hasahihishi tena, anamkana. Kipimo changu ni chepesi: je, jirani yake akilitazama bango hili atamjua bila ya kulisoma jina? Kama hatamjua, bango hilo ni la mtu mwengine. Tena tunawafunza nini binti zetu, ikiwa kila sauti nzuri ya pwani ni lazima ibadilishwe rangi kabla ya kuonyeshwa watu? Uzuri wa namna hiyo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

La pili ni zito zaidi, nalo lawagusa wanawake. Sote twajua mila yetu ya arusi. Wanawake hukusanyika peke yao, buibui huvuliwa, huimbwa na kuchezwa, na aliyemo ndani amejiachia kwa kuwa yumo baina ya wenziwe. Picha iliyopigwa humo ni amana. Zamani, picha kama hiyo ikivuja, ilivuja na ukumbi wote ndani yake, na mtu angeona mara moja kwamba haikukusudiwa macho ya barabarani. Leo fundi amkata mwimbaji katika picha ile, awatupa wenziwe, amtia mbele ya bahari au jukwaa lenye mataa, na mtazamaji hudhani mwanamke yule alijipamba akasimama mwenyewe mbele ya umma wa wanaume. Hakukuwa na uongo hata katika nukta moja ya uso wake, na bado bango zima ni uongo juu yake. Aliyeumia hapo si yeye tu, bali ni mumewe, wanawe na wazee wake.

Kwa hiyo nasema ruhusa iombwe, tena iombwe kwa picha hiyo hasa, si ruhusa ya jumla ya kwamba fulani ni mwimbaji na mwimbaji ni wa watu. Sheria ya Kenya nayo haiko mbali na adabu hii: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazilinda habari zinazomtambulisha mtu, na uso ni miongoni mwa hizo. Na mwanamke akisema hataki uso wake uonekane, fundi asione kazi imemharibikia. Leso nzuri yenye jina lake, gambusi lililoegeshwa ukutani, mlango wa nakshi wa Lamu na jina la mwimbaji kwa herufi za kupendeza, hivyo vyatosha kabisa. Wangapi tumewapenda kwa kuwasikia redioni kabla ya kuwaona?

La tatu ni mtunzi. Tarabu ya Mombasa na Lamu ni shairi kabla ya kuwa ngoma. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi ya jamaa yake Ahmad Nassir, yule ambaye diwani yake *Malenga wa Mvita* ilichapishwa mwaka 1971. Zein l'Abdin naye aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu. Mtu akiwataja waimbaji hawa pasi na watunzi wao, ameeleza nusu ya habari. Basi kwa nini mabango ya leo yana nafasi ya nambari nne za simu, ya alama za wadhamini na ya nyota za kumetameta, lakini hayana mstari mmoja wa kusema mashairi ni ya nani, na ni nani aliyepiga udi, fidla na tashkota? Miaka 30 ijayo mtu akilipata bango hilo sandukuni, atadhani mwimbaji alikuwa peke yake. Hivyo ndivyo haki ya mtu inavyopotea, bila ya mwizi kuonekana.

La nne ni herufi za Kiarabu, na hapa nawasemesha hasa wale wanaotengeneza mabango ya kasida. Herufi hizi huandikwa kutoka kulia, huungana, na kila moja hubadilika umbo kwa mahali ilipo katika neno. Programu isiyowekwa tayari kwa lugha za Mashariki ya Kati huzipokea herufi hizo ikazitenganisha na kuzipanga kinyume, kutoka kushoto. Nimepata kuliona bango ambalo Bismillahi yake ilikuwa imetawanyika hivyo, herufi moja moja, mwisho wake ukiwa mwanzo. Mtoto wa chuoni angeliona kosa lile, lakini fundi, mchapaji na aliyelipa hawakuliona. Dawa yake si ngumu. Photoshop yaweza kuwekwa tayari kwa maandishi ya Mashariki ya Kati. La sivyo, mwendee mwalimu mwenye hati nzuri akuandikie kwa kalamu, uipige picha hati yake uitie ndani. Kisha, kabla ya kuchapa, mpe msomaji asome.

Nami ningekwenda mbele zaidi. Bango hubandikwa ukutani kwa gundi, mvua ikinyesha hubanduka, na mwisho wake ni mtaroni chini ya miguu ya watu. Je, hapo ni mahali pa aya ya Kurani au pa jina la Mwenyezi Mungu? Jina la kikundi na picha ya matari vyatosha kutangaza kasida. Aya tuiache msahafuni, inakostahiwa.

Wako watakaoniambia kwamba biashara haingojei adabu, kwamba bango lazima livute macho, na kwamba siku hizi picha ya albamu huonekana katika simu ikiwa ndogo kama stempu, haina pa kutia majina. Hili la mwisho ni kweli, lakini jibu lake ni kutengeneza mbili: ile ndogo ya simu iwe na uso na jina tu, na bango la ukutani liwe na majina yote. Na kuhusu kuvuta macho, linaloharibu mabango mengi si ukweli, ni haraka. Bango la ukubwa wa A3 likichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi lahitaji nukta 3,508 kwa 4,961. Picha yenye nukta 1,000 tu kwa upana, iliyokwisha punguzwa kwa kutumwa simu hadi simu, itachapika vizuri kwa kadiri ya sentimita 8 na nusu. Ukiivuta ikajaza bango, uso hugeuka ukungu. Tena kioo cha kompyuta huonyesha rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, ilhali matbaa hutumia wino wa sayani, majenta, manjano na nyeusi. Kijani kinachowaka kiooni hutoka kimefifia karatasini. Fundi anayeyajua haya ataomba picha asili, atajaribu karatasi moja kabla ya kuchapa 500, na bango lake litavuta macho bila ya kumpausha mtu.

Mcheza kwao hutunzwa. Mwimbaji wa pwani akitolewa kwa sura yake, kwa ruhusa yake, pamoja na mtunzi wake na wapigaji wake, atatunzwa na watu wake wanaomjua. Enyi mafundi vijana, ustadi mnao na vyombo mnavyo. Kabla ya kuipeleka kazi matbaani, muiteni mwenye uso na mwenye shairi, muwaonyeshe bango mkiwa nao pamoja. Wakijiona humo, chapeni.