Bustani za Vijana Tusizipime kwa Matuta

Jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu ni namna tunavyopima mafanikio ya bustani za vijana, za mashuleni na za vikundi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na ni mjumbe wa kamati ya shule katika kata moja ya mkoa huu wa Dodoma. Siku bustani ya shule yetu ilipozinduliwa, ngoma zilipigwa, risala ikasomwa, na mgeni rasmi akaelezwa kuwa shule ina matuta 40 ya mchicha na figiri. Yakaandikwa katika taarifa. Miezi mitano baadaye, kiangazi kilipokolea, matuta yaliyokuwa na majani mabichi yalikuwa 6. Hakuna aliyekuja kuyahesabu tena. Hadi leo katika makaratasi bustani ile ina matuta 40, na inasifiwa kuwa ni ya mfano.

Ndugu Mhariri, tatizo hili si geni. Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba, lakini hakutaka mashamba ya kutoa jasho tu. Alieleza kwamba wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, waweke hesabu, wajaribu mbolea na kulinganisha matokeo, na waone wenyewe faida ya kazi yao. Kwa maana hiyo, kipimo kilikuwa ni kile kinachobaki kichwani na mikononi mwa kijana. Sisi tuliofundisha baadaye tunajua yaliyotokea mahali pengi. Kipimo kiligeuka kuwa ekari, magunia na shilingi zilizoingia katika mfuko wa shule. Mwalimu aliyedaiwa magunia alitafuta magunia. Saa za masomo zililiwa, na jembe likawa adhabu ya wachelewaji. Je, mtoto aliyefundishwa kwamba jembe ni adhabu, atalipendaje akiwa mtu mzima?

Nayakumbusha haya kwa sababu leo tuna mipango mikubwa zaidi. Mwaka 2023 Serikali ilianza mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, ambao wananchi wengi wanaufahamu kwa herufi BBT, na kundi la kwanza la vijana zaidi ya 800 likapelekwa mafunzoni kabla ya kupewa nafasi katika mashamba ya pamoja kama yale ya Chinangali, wilayani Chamwino. Aidha, tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa 2024. Nia ni njema, na fedha hizi ni za wananchi. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza zimezaa nini.

Lakini tukipima kwa idadi ya walioandikishwa, mpango wowote utakuwa umefanikiwa siku ya kwanza, kabla mbegu haijaota. Tukipima kwa marejesho ya mkopo peke yake, kikundi kinaweza kukopa kwa jamaa ili kiilipe halmashauri, nacho kikaitwa kikundi bora.

Nitoe mfano. Kijana wa ndugu yangu alijiunga na kikundi cha bustani chenye wanachama 25. Baada ya mwaka walibaki 9. Taarifa iliyoandikwa ilisema kwamba vijana hawakuwa na moyo wa kazi. Mimi niliwatafuta baadhi ya walioondoka nikawauliza. Walinieleza kwamba maji yalinunuliwa kwa ndoo, na bei ya ndoo ilipopanda mchicha haukuweza kuilipa. Wote walipanda mboga moja kwa wakati mmoja, hivyo mnunuzi alipofika alijitajia bei aliyotaka. Na kiwanja kilikuwa cha kuazima; ardhi ilipokwisha kuneemeka kwa samadi yao, mwenyewe akakitaka. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa na nafasi katika fomu. Hivyo kipimo kibaya hakikuficha ukweli tu, bali kiliwabandika vijana jina la uvivu, na kikundi kinachofuata kitaingia katika mtego ule ule.

Upo pia ushahidi kutoka nje. Uchunguzi uliofanywa katika shule za Nepal, na kutolewa 2017, ulilinganisha shule zilizopewa bustani pamoja na mafunzo na zile ambazo hazikupewa. Watoto wenye bustani waliongeza ujuzi wa kilimo na lishe, na hata walisema wanazipenda mboga zaidi, lakini ulaji wao wa mboga haukuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Baadaye, bustani za shule zilipounganishwa na bustani za nyumbani, ulaji uliongezeka. Hapa kuna funzo kubwa. Kama wachunguzi wangeishia kuhesabu matuta au kusahihisha mitihani, wangeshangilia na kurudi nyumbani. Walipoangalia sahani ndipo walipogundua kwamba anayeamua chakula cha mtoto ni mama na baba yake, wala si mwalimu.

Kwa hiyo napendekeza kwa viongozi wahusika mambo yafuatayo. Kwanza, hali ipimwe kabla ya kuanza: watoto wanakula mboga mara ngapi kwa wiki, na vijana wanapata kipato gani. Bila hivyo hatuwezi kujua kilichoongezeka. Pili, ipimwe pia shule au kikundi jirani kisicho na bustani, maana mvua ikiwa nzuri kila mtu hustawi. Tatu, hesabu ifanywe Septemba na Oktoba, wakati wa ukame, wala si siku ya uzinduzi. Nne, vijana wenyewe washike daftari la maji, mbegu, mavuno na mauzo, kwani kuweka hesabu ni nusu ya kilimo. Na tano, baada ya miaka miwili watafutwe walioondoka pamoja na waliobaki, waulizwe sababu. Aliyeondoka akaanzisha kitalu chake cha miche nyumbani si mtoro, huyo ni mafanikio yetu.

Najua wapo watakaosema kazi hii ni ghali. Shuleni kwetu tulianza kwa daftari moja na wanafunzi wawili wa darasa la sita. Katika muhula mmoja daftari hilo lilituonyesha kwamba matuta 10 yaliyo karibu na bomba yalitoa mboga nyingi kuliko 40 ya awali. Sasa tuna matuta 10, na watoto wanakula mboga shuleni mara mbili kwa wiki. Nasikia katika taarifa ya mwaka huu tumeandikwa kuwa tumeshuka.

Mwalimu Mstaafu,
Dodoma.