Mtoto yuko Turkana, utafiti wake umefungiwa ughaibuni

Sisi waunda programu tuna jibu moja tunalopenda kumpa kila anayelalamika kuwa hana vitabu: "Kila kitu kiko mtandaoni siku hizi, tafuta tu." Jibu hili linaniudhi. Tena si la kweli. Leo nataka kulibomoa kwa somo moja, makuzi ya mtoto, na mahali pamoja, Turkana, kuanzia Lodwar hadi Kakuma.

Kwa nini Turkana? Kwa sababu mmoja wa watoto waliochunguzwa zaidi duniani alitoka huko. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Pakafukuliwa kiunzi karibu kizima cha mvulana aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Meno yake yanasema alikuwa na umri wa miaka kama 8. Mifupa na kimo vinasema alikuwa mkubwa zaidi, labda 11 au 12. Wataalamu wamebishana miaka yote hii, maana swali lililo nyuma yake ni kubwa: huu utoto wetu mrefu, wa kulelewa na kufundishwa miaka na miaka, binadamu aliupata lini?

Haya, wewe unayesomea ualimu wa chekechea mjini Lodwar, jaribu kuusoma ubishi huo. Makala ya kwanza ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1985. Ibofye uone: ama ulipe, ama uwe na nywila ya chuo kilicholipa. Kitabu kizima kuhusu kiunzi hicho kilichapishwa mwaka 1993 na Harvard University Press. Mifupa iko Nairobi, na maelezo ya mifupa yako nyuma ya kaunta ya malipo. Mtoto ni wenu, habari zake mnauziwa!

Najua kuna atakayesema hayo ni mambo ya kale. Sawa, twende kwa watoto walio hai.

Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa mradi ulioitwa South Turkana Ecosystem Project walikaa na wafugaji wa kusini mwa Turkana. Walipima kimo na uzito wa watoto, wakafuatilia jinsi akina mama wanavyonyonyesha. Matunda yake ni kitabu cha Michael Little na Paul Leslie cha mwaka 1999, kilichochapishwa na Oxford. Moja ya mambo waliyoandika ni kwamba watoto wa Kiturkana wanakuwa warefu na wembamba.

Kuna hasara gani mtu wa Lodwar asipolisoma hilo? Hasara ipo, na inapimwa kwa kilo. Chati za makuzi za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2006 zilitengenezwa kwa kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mwaka 2009 Mark Myatt na wenzake walichapisha utafiti wa Ethiopia ulioonyesha kwamba kipimo cha uzito kwa kimo huathiriwa na umbo la mwili. Mtoto wa wafugaji mwenye miguu mirefu anaweza kuhesabiwa ana utapiamlo mkali kwa kipimo hicho, na kipimo cha mzingo wa mkono kikasema vingine. Sisemi njaa ya Turkana ni ya kubuni. Njaa ipo. Ninachosema ni kwamba anayepima watoto Kakuma au Kalobeyei na kuamua nani aingie kwenye orodha ya chakula cha tiba anastahili kuwa amesoma makala hiyo. Je, ataipata wapi?

Saikolojia nayo ndiyo mbaya zaidi. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipekua majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya waliochunguzwa wanatoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Kwa hiyo ukitafuta tu, utakachopata ni mtoto wa huko, kisha utamtumia kumhukumu mtoto wa hapa kuwa amechelewa kukua.

Sasa tuje kwenye hiyo "tafuta tu" yenyewe. Milango ya bure ipo, na ni ya maana: PubMed Central, ERIC, DOAJ, na AJOL kwa majarida ya Afrika. Kipimo cha makuzi cha Malawi, kilichotengenezwa kwa watoto wa vijijini, kiko wazi katika PLoS Medicine tangu 2010. Utafiti wa Waturkana uliotoka Science Advances mwaka 2020 uko wazi pia, nao unaonyesha kwamba alikozaliwa mtu, mjini au malishoni, kuna uzito katika afya yake akiwa mtu mzima.

Lakini mlango wa bure si mlango unaoonekana. Orodha ya istilahi za ERIC ni ya Kiingereza, haijui neno "malezi". Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, husajili taasisi, hausajili mtu mmoja mmoja. Na cha bure leo si lazima kiwe cha bure kesho: mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipunguza fedha za kuendesha ERIC. Mwisho, kuna Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, ambayo pamoja na Kalobeyei ina zaidi ya robo milioni ya watu. Wapo wanaosomea huko kwa masafa kupitia vyuo vya nje. Kozi ikiisha, nywila nayo inaisha.

Na sisi mafundi tunafanya nini? Tunaleta tableti na programu nyingine ya simu, tunapiga picha na watoto, tunapanda ndege. Tableti bila maktaba ni sahani bila ugali.

Napendekeza mambo matatu:

1. Masharti ya kibali cha utafiti cha NACOSTI tayari yanamtaka mtafiti awasilishe ripoti yake ya mwisho. Ongezeni sharti moja: aliyepima watu wa Turkana aweke nakala Lodwar, pamoja na muhtasari wa Kiswahili au Kiturkana. Katiba ya 2010 iliipa kaunti maktaba na elimu ya chekechea, vyote viwili. Kaunti isingoje Nairobi.

2. Seva moja ndogo Lodwar, nyingine Kakuma. DSpace na Koha ni programu huria, hatulipii hata senti ya leseni. Makala 5,000 za megabaiti 2 kila moja ni gigabaiti 10, zinaingia kwenye kadi ya ukubwa wa ukucha. Mtandao ukikatika, diski itapanda matatu, kilomita kama 120 tu. Maktaba ya taifa ilibebesha ngamia vitabu Garissa mwaka 1996, sembuse diski!

3. Mkutubi. Mtu mwenye mshahara, anayejua kugeuza swali la mwalimu liwe maneno ambayo ERIC inayaelewa, na anayejua kipi kinafaa kuwekwa. Kazi hii hakuna programu niliyowahi kuandika inayoiweza.

Na hakimiliki je? Sijamwambia mtu aibe. Ripoti ni ya mwandishi wake. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka mswada wake uliokubaliwa katika hifadhi ya taasisi, mara nyingine baada ya miezi kadhaa. Kinachokosekana ni mtu wa kuuomba na mahali pa kuuweka.

Mama wa Kiturkana alimshika mtoto wake atulie ili mgeni ampime. Alitoa mchango wake siku hiyo. Tunadaiwa majibu, na deni hili halilipwi kwa kumwambia atafute tu.