Pipa la samaki halikai juu ya matofali

Mzazi mwenzangu, wiki hii naandika habari za chuma, na kosa lililonifikisha huko ni langu mwenyewe.

Nyumbani kwetu Mwanza tuna pipa la lita 200 ambalo mama watoto hukaushia samaki kwa moshi, sato na sangara, kwa wateja wa mtaani. Nililaza pipa, nikalikata mlango kwa juu, nikapanga matofali ya kuchoma ndani ili lishike joto. Likafanya kazi vizuri. Miguu ndiyo sikuliwekea. Niliegesha juu ya nguzo nne za matofali yaliyopangwa bila hata udongo, nikasema stendi nitachomelesha mwezi ujao. Huo mwezi ujao ulifika mara saba.

Jumamosi moja jioni binti yetu wa miaka 4 alipanda tofali la chini ili achungulie samaki. Tofali likateleza, nguzo ikafuata, pipa likabiringika upande wake. Mama yake alimwahi akamvuta mkono. Makaa yalimwagika palepale alipokuwa amesimama, na moja likampata mguuni. Bibi alikimbilia dawa ya meno. Mama yake akasema hapana, akamweka chini ya bomba, maji yakatiririka juu ya mguu kwa dakika 20, kisha zahanati. Ndivyo inavyotakiwa: maji safi ya kawaida, si barafu, si dawa ya meno, si asali wala yai. Kovu lililobaki ni dogo kama punje ya mhindi.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilipima kila kitu kwenye mzani wa samaki: pipa kilo 19, matofali 20 kilo 58, wavu na vyuma vyake kilo 9. Ukiongeza samaki na mkaa unavuka kilo 110. Ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji, yenye moto ndani, na mimi nilikuwa nimeiweka juu ya matofali yasiyoshikana.

Kwa fundi wa kuchomelea nilifika na wazo langu. Uwanja wetu ni mteremko na mawe, kama ilivyo nusu ya Mwanza, kwa hiyo nikataka stendi ya miguu mitatu, maana mafiga ni matatu na hayayumbi popote. Fundi akacheka. Akasema mafiga hubeba sufuria ya mviringo, uzito uko katikati na uko chini. Pipa refu lililolazwa halina tabia hiyo. Ukifungua mlango unalala nyuma na uzito unahamia nyuma. Ukivuta wavu wenye samaki, unahamia mbele. Kwenye miguu mitatu, uzito ukishavuka mstari kati ya miguu miwili, pipa linakwenda chini. Akanishauri minne, na mmoja wapo uwe na bolti nene chini yake inayozungushwa kupanda na kushuka, ili nisawazishe kulingana na ardhi.

Tulitumia engo za inchi 1½ zenye unene wa milimita 4, vipande viwili vya mita 6. Fremu ya juu ni sentimita 90 kwa 50. Ya chini ni pana zaidi, 95 kwa 75, kwa hiyo miguu imetanuka kwenda mbele na nyuma kama mbuzi anayekataa kuvutwa. Huo upana wa chini ndio siri ya kazi yote. Urefu ni sentimita 60 tu. Jirani aliniambia niinue zaidi ili watoto wasifikie, lakini kadiri unavyoinua ndivyo linavyokuwa jepesi kuanguka, na mtoto ataleta kigoda. Nyuma kuna chuma cha mshazari kutoka kona hadi kona, na pembeni kila upande kimoja. Bila hivyo vya mshazari fremu hucheza ukiisukuma. Pipa lenyewe limelala kwenye vyuma viwili bapa vilivyokunjwa kufuata tumbo lake, na limefungwa kwa bolti.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, fundi alishikiza kila kiungo kwa nukta ndogo, akapima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko sawa. Nawe ukienda kuchukua kazi yako, gonga magamba kwa nyundo uone kama chuma kimeungana kuzunguka kiungo chote au kimeshikwa kwa nukta tu na kupakwa rangi.

Usikubali mabomba ya maji ya mabati yatumike kwa kuwa yamebaki kwa jirani. Zinki yake ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa, na wewe pia ukisimama karibu. Na pipa lililobeba petroli au dizeli lisiguswe kwa grenda wala moto, hata kama limekauka mwaka mzima, kwa sababu mvuke uliobaki hulipuka. Letu lilikuwa la mafuta ya kula.

Nilikwenda na kijana wangu wa miaka 11, akataka kutazama cheche. Nikamgeuza. Mwanga ule huunguza macho hata ukiutazama kwa muda mfupi, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga chini ya kope. Miwani ya jua haitoshi. Kama kibanda cha fundi kiko njiani pa shule, mwambie mwanao leo.

Stendi ilipofika nyumbani tuliijaribu bila moto. Mimi na shemeji tulikaa juu yake wawili, tukayumba makusudi, haikusogea. Kisha tukajaza pipa matofali, tukafungua mlango, tukalisukuma kutoka mbele. Mama watoto alilisukuma mara ya pili, kwa nguvu kuliko mimi, akaniangalia bila kusema kitu.

Vipimo nilivyotaja ni vya pipa la lita 200 lililolazwa. La kwako kama limesimama wima, fundi apime upya, na upana wa chini auongeze.